KUFILISIKA NA KUAMINIWA TENA SOKONI

  

Somo la Ijumaa hii ni la mtu ambaye duka lake limefungwa, meza yake sokoni imebaki mbao tupu, na madeni yake yamezidi mali yake. Katika fiqhi mtu huyo anaitwa muflisi, nasi kwa Kiswahili tunasema amefilisika. Asili ya neno ni moja. Huenda ni wewe unayesoma karatasi hii. Huenda ni jirani yako ambaye Ijumaa tatu hajaonekana msikitini, kwa sababu anayemdai anasali safu ya kwanza.

Nianze na huyo anayejificha. Anapita njia ya nyuma ya nyumba. Simu anaizima. Watoto wamefundishwa kusema baba amekwenda Kasongo, na baba yumo chumbani. Anadhani anaficha umaskini wake, kumbe umaskini wake unajulikana tangu siku duka lilipofungwa. Anachopoteza chumbani humo ni neno lake. Mdai anaweza kungoja mwaka mzima akijua mdaiwa wake yuko na anasema kweli, lakini hawezi kungoja hata juma moja ikiwa simu haishikwi.

Huko Marekani, mahakama ikimtangaza mtu kuwa amefilisika, habari hiyo inaweza kukaa katika faili lake la mikopo mpaka miaka 10, na kila benki anayoiendea inaisoma. Sisi hapa wengi wetu hatuna hata akaunti. Faili letu ni midomo ya watu. Linaandikwa sokoni Kabambare na linasomwa Kasongo kabla wewe hujafika. Ubaya wake ni kwamba halina tarehe ya kufutwa: mtu anaweza kukumbushwa deni la baba yake. Uzuri wake ni kwamba linaandikwa upya kwa mambo madogo ambayo watu wanayaona kwa macho, wala halihitaji ruhusa ya benki.

Na mji wetu unalijua jambo hili tangu zamani. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kati ya Tanganyika na Kasongo na Nyangwe. Wale wafanyabiashara wa pwani hawakuja na mali yao wenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wanamwita Tippu Tip, alipewa bidhaa na tajiri wa Kihindi wa Unguja aliyeitwa Taria Topan, na ilipita miaka kabla hesabu haijarudi pwani. (Tusifiche pia kwamba biashara ile ilichanganyika na kuuza watu, nayo ni dhuluma ambayo nchi hii haijaisahau.) Watu wa pwani wana jina la mali ya namna hiyo: mali kauli. Maana yake unapewa bidhaa kwa kauli yako, ukiuza ndipo ulipe. Ndiyo mali ambayo wengi wenu mnaishi nayo hadi leo, chumvi, sabuni, vitenge na madawa. Basi mwenye mali kauli akifilisika ameharibu vitu viwili, mali na kauli. Mali hawezi kuirudisha leo. Kauli anaweza kuanza kuirudisha leo hii, na ndiyo njia ya kuipata tena mali.

Kwanza tuondoe aibu isiyo mahali pake. Wapo wanaofilisika kwa pombe, kwa kamari, kwa kuoa harusi kubwa kuliko mtaji. Hao watubu. Lakini wengi katika nchi yetu wamefilisika bila kosa lao. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena, zibadilishwe kwa siku chache tu na kwa kiasi kilichowekwa. Mtu wa mbali na benki aliyekuwa ameweka fedha ndani ya sanduku alibaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Na vita vya mwaka 1996, na vile vya mwaka 1998, tusivielezane, kila nyumba ya Maniema inajua ilipoteza nini. Mtu akinyang'anywa mzigo njiani hakufanya dhambi. Dhambi inaanza pale anapoweza kulipa na akakataa. Mtume (S.A.W.) ameiita dhuluma, tajiri kuchelewesha deni kwa makusudi, na hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Ametaja mwenye uwezo. Asiye nacho hukumu yake ni nyingine.

Hukumu hiyo imo katika Suratul Baqara, aya ya 280: mdaiwa aliye katika dhiki angojwe mpaka apate wepesi, na mdai akisamehe ni bora zaidi kwake. Na Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na msiba, madeni yake yakawa mengi. Mtume (S.A.W.) akawaamrisha watu wamtolee sadaka. Wakatoa, haikutosha. Akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Angalieni mpangilio wa kisa hiki. Jamaa walichangia, mdaiwa alitoa alichonacho, wadai wakapokea na wakaacha kumwandama. Pande tatu zote zilibeba mzigo. Kwetu mara nyingi mzigo unabebwa na mke wa mdaiwa peke yake, anauza vikombe vyake vya harusi.

Kisa kingine ni cha Muadh bin Jabal (R.A.). Imepokewa kwamba alikuwa mkarimu mno, akakopa mpaka deni likazidi mali yake, na mali hiyo ikauzwa ili wadai wagawiwe. Wanazuoni wa hadithi wamejadili mapokezi ya kisa hiki, lakini mafaqihi wamekitumia katika mlango wa taflisi. Na jambo lisilo na mjadala ni kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma Muadh huyohuyo Yemen kuwafundisha watu na kuhukumu kati yao. Nyinyi mnaosema kwamba aliyefilisika asipewe tena hata ufunguo wa ghala, kitafakarini kisa hicho.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ndugu uliyefilisika, chukua daftari uandike kila deni: jina la mdai, kiasi, siku uliyochukua, na kama kulikuwa na shahidi. Usiache deni la mama wa mihogo kwa kuwa ni dogo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya sura hiyohiyo, inahusu kuandika madeni. Sisi tunaihifadhisha watoto chuoni, na baba zao wanakopeshana kwa mdomo tu. Mwambie mke wako hesabu ya kweli, na kama wewe ni mama mwenye biashara mwambie mume wako. Haiwezekani nyumba ibane matumizi kwa deni isilolijua.

Kisha waite wadai wote siku moja, mahali pamoja, mbele ya watu wazima wawili au watatu. Hili ndilo gumu kuliko yote, na watu wengi hawalifanyi. Wanakwenda kwa mdai mmojammoja, kila mmoja wanamwahidi kwamba yeye ndiye wa kwanza. Baada ya mwezi wadai wanakutana sokoni, wanasimuliana, na ahadi tano zinakuwa uongo kwa siku moja.

Tuchukue mfano wa mwenye duka. Tajiri wa Kasongo aliyempa bidhaa anamdai dola 1,000. Shemeji yake anamdai 600. Mama anayeuza mawese anamdai 400. Jumla ni dola 2,000. Wakiuza bidhaa zilizobaki, pikipiki, na bati alizoweka kwa ajili ya kujenga, zinapatikana dola 800. Desturi yetu ni kumlipa kwanza mwenye sauti kubwa, au shemeji ili nyumba itulie. Fiqhi haikubali hivyo. Kila mdai anapata kwa kadiri ya deni lake, na hapa kila dola 100 ya deni inapata 40. Basi tajiri anapewa 400, shemeji 240, na mama wa mawese 160. Lakini kama katika duka kuna mzigo wa yule tajiri ungali umefungwa kama alivyoutuma, naye hajalipwa chochote juu yake, ana haki ya kuuchukua mwenyewe kabla ya mgawanyo, kwa hadithi ya Abu Hurayra (R.A.).

Linabaki deni la dola 1,200. Halikufutika. Katika mahakama za nchi nyingine hakimu anaweza kulifuta deni la muflisi. Katika dini yetu linabaki shingoni mpaka lilipwe au mwenyewe alisamehe. Akiweza kutoa dola 30 kila mwezi, atampa tajiri 15, shemeji 9 na mama wa mawese 6, na atamaliza kwa miezi 40. Wewe utasema miaka mitatu na miezi minne ni mingi. Nami nakuuliza, umekwisha kujificha muda gani?

Kiasi hicho kiwe kidogo ambacho hakikushindi hata mwezi mbaya. Hapa watu wanaharibu. Kwa sababu ya aibu wanaahidi dola 100 kwa mwezi, wanalipa mara moja, wanaanguka. Dola 6 zinazofika kila mwanzo wa mwezi kwa mama wa mawese zitamfanya awaambie wenzake maneno ambayo dola 100 za mara moja haziwezi kuyanunua. Na siku ukijua mwezi huu hutaweza, nenda wewe kabla ya tarehe. Usingoje akutafute. Kila malipo yaandikwe katika daftari mbili, yako na yake, na mwenye kupokea atie saini au kidole. Ukilipa kwa M-Pesa au kwa mtandao mwingine wa simu, usifute ule ujumbe.

Vipi kuhusu vyombo vya kazi? Mafaqihi wanakubali kwamba muflisi haachwi uchi wala na njaa. Katika nyumba na vyombo vya kazi wametofautiana, na kwa Imam Ahmad fundi anaachiwa chombo chake. Sisi huku ni watu wa Imam Shafi'i, lakini wadai wakiridhia wenyewe hakuna wa kuwazuia, na ushauri wangu ni waridhie. Cherehani ya fundi ikiuzwa utagawana dola chache leo. Ikibaki, ndiyo itakayokulipa miezi 40.

Kuna shimo moja ambalo lazima nilitaje kwa jina lake, maana mnalijua: banki Lambert. Unachukua dola 100, mwisho wa mwezi unatakiwa 130, pengine 150, na usipolipa nyongeza inazaa nyongeza. Mtu aliyefilisika anakimbilia huko ili amfunge mdomo mdai anayepiga kelele. Hiyo ni riba, na Mwenyezi Mungu ameikataza kwa maneno makali kuliko mengi. Na hata ukiiweka haramu kando, ukifuata hesabu tupu, umebadilisha mdai anayeweza kungoja ukachukua asiyeweza kungoja. Likelemba ya watu wanaoaminiana, kila mmoja anatoa kiasi kilekile na kupokea kwa zamu, haina riba ndani yake, na ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba neno lako limerudi. Ila omba upewe zamu ya mwisho. Atakayekubali kupokea wa mwisho hakuna atakayemshuku. Vile vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC uliza kwanza: vingi vinakopesha kwa nyongeza.

Na biashara uanze na nini? Abdurrahman bin Awf (R.A.) alipofika Madina mali yake ilibaki Makka. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin ar-Rabi, alitaka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea dua, akauliza soko liko wapi. Akarudi na jibini kavu na samli. Hakuanza na ngamia wa Sham. Alianza na chakula, kitu kinachouzwa siku hiyohiyo. Mfanyabiashara wetu aliyeanguka anataka kurudi palepale alipokuwa: asafiri Uvira, alete mzigo mzima, na barabara ndiyo hii tunayoijua, mvua ikinyesha gari linalala matopeni majuma. Mtaji uliofungwa njiani miezi miwili haulipi mtu mwanzo wa mwezi. Anza na mchele wa hapa, mawese, karanga, chumvi ya kupima kwa kopo. Nunua kwa fedha taslimu ulizonazo, hata kama ni kidogo hata unacheka mwenyewe. Usichukue mali kauli mpya kabla hujatimiza tarehe zako kwa mwaka mmoja angalau. Ukichukua, chukua mzigo mdogo, lipa kabla ya siku, ndipo uongeze. Tajiri wa Kasongo hatakuuliza unamiliki nini. Atamwuliza aliyekupa mara ya mwisho.

Tahadhari pia na dhahabu. Najua vijana wa Salamabila hawatapenda. Lakini mtu mwenye deni akiacha meza yake akaenda shimoni kutafuta pato la siku moja, mara nyingi anarudi na deni la chakula cha shimoni juu ya deni la kwanza.

Sasa nanyi wadai nina neno nanyi. Msiseme kwamba kumpa mtu muda ni upole wa wanavyuoni wasiojua biashara. Mgodi wa Namoya uko katika teritware yetu. Kampuni iliyokuwa nao, Banro ya Kanada, mnamo Desemba 2017 ilielemewa na madeni, ikaenda mahakamani huko Ontario kuomba wadai wazuiwe wakati inajipanga. Mahakama ikakubali. Mwaka 2018 mpango ukakamilika, sehemu kubwa ya deni ikageuzwa kuwa hisa, na waliokuwa na hisa za zamani wakapoteza. Hata hivyo, Septemba 2019 kazi ya Namoya ilisimamishwa kwa sababu ya kukosa usalama. Ninawatajia hili kwa mambo mawili. Matajiri wa ulimwengu, watu wasiokubali kupoteza senti, wanajua kwamba mdaiwa aliyebanwa koo halipi. Na pia mpango mzuri wa karatasi hautoshi pale ambapo njia si salama, basi mdaiwa wako akikwambia mzigo ulizuiwa njiani, chunguza kabla ya kumwita mwongo.

Sheria ya nchi nayo inafahamu jambo hili. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yao ya kufilisika iliyofanywa upya mwaka 2015 inamhusu hata mtu mmoja mwenye biashara, ufundi au kilimo chake mwenyewe. Njia hiyo inataka mahakama na vitabu vya hesabu. Mwenye meza ya chumvi haimfai, lakini mwenye madeni makubwa amwone mwanasheria. Na wale wanaompeleka mdaiwa kwa polisi afungwe, wajue kwamba nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1976 na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, na kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kulipa deni la mapatano. Mtapeli ni jambo jingine, huyo ashitakiwe. Lakini masikini akilala kituoni siku tatu, fedha ambazo ungelipwa zimeliwa na faini.

Suala la zaka watu huniuliza kila mwaka: je, ninaweza kumsamehe mdaiwa wangu na kuhesabu kwamba ndiyo zaka yangu? Kwa wanazuoni walio wengi, hapana. Zaka ni kutoa, na wewe hapo hujatoa kitu, umeokoa mali iliyokuwa imepotea. Kusamehe kuna thawabu yake peke yake. Lakini wenye madeni ni mmoja wa makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Kwa hiyo unaweza kumpa zaka yako akiwa ameshindwa kulipa deni la halali, bila kumshurutisha akurudishie wewe. Wengi wetu zaka yote tunaigawa kwa vibaba vidogo mwezi wa Ramadhani, kila mtu anapata sahani moja ya mchele. Sisemi ni vibaya. Nasema wenye zaka wanne au watano wakikubaliana kumwondolea mama mmoja deni lake lililobaki, mwaka unaofuata huenda yeye ndiye atakayeleta zaka.

Daftari la madeni lenye safu za majina, kiasi, tarehe na saini limechorwa kwa mfano kwenye ubao wa chuo, kila mtu anaweza kulinakili. Anayetaka kukutana na wadai wake na hana mahali, chuo kitakuwa wazi Jumapili baada ya sala ya Alasiri. Watakuwepo mashahidi wawili na mwandishi mmoja. Hakuna malipo. Aje na wadai wote, asimwache hata mmoja.